Misiba ya kwenye habari na majina ya watoto: inapimwaje?

Ilomba_Redioni:
Wakuu, habari zenu. Naandaa kipindi cha redio ya jamii hapa Mbeya kuhusu majina ya watoto. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ndicho kilichozua swali: habari mbaya huua jina au hulikuza? Na kwa madaftari tuliyo nayo huku, nihesabu vipi bila kuwadanganya wasikilizaji?

Takwimu_Kihesa:
Kwanza uliza jina ni la nani, la aliyekufa au la kilichoua.

La marehemu anayependwa hupanda. Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu, na bintiye Gianna walikufa kwa ajali ya helikopta Marekani, 26 Januari 2020. Mwaka 2019 Gianna lilikuwa la 79 kwa wasichana. 2020 likawa la 12. Ila angalia, lilikuwa tayari ndani ya 100 bora. Msiba ulisukuma gari ambalo lilishaanza kutembea.

La kilichoua huporomoka. Isis, jina la mungu wa kike wa Misri ya kale, lilikuwa ndani ya 1,000 bora za Marekani mwaka 2014. Mwaka 2015 likatoka, kwa sababu vyombo vya habari vya Kiingereza vililitumia kwa kundi la kigaidi. Katrina nalo lilishuka baada ya kimbunga chenye jina hilo kuipiga Marekani Agosti 2005.

Hapo kuna jambo watu hawalitarajii. Mtafiti Jonah Berger na wenzake walikuta kwamba baada ya Katrina majina yanayoanza na K yaliongezeka kwa kama asilimia 9. Sauti ikirudiwa kutwa redioni sikio huizoea: mzazi hatampa mwanawe jina la Katrina lenyewe, lakini jina jingine la K linamjia kwa wepesi. Kwa hiyo ukihesabu jina moja tu utaona nusu ya habari.

Rungwe_Mvua:
Nakubali, lakini usilihamishe hilo huku kama lilivyo. Jina la babu na la ukoo hurithiwa, taarifa ya habari hailigusi. Hesabu jina la kwanza peke yake. Na usiwatie akina Tabu, Shida, Mateso na Sikujua kwenye hesabu ya misiba ya taifa; hayo mara nyingi hutunza yaliyoipata nyumba yenyewe. Gwakisa na Ambakisye ya Kinyakyusa pia, ni shukrani kwa Mungu, taifa liwe na msiba au lisiwe nao.

Daftari la ubatizo ni zuri kwa sababu huwa na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Tumia ya kuzaliwa, maana wengine hubatizwa wakiwa wanatembea. Mwombe ruhusa mchungaji au paroko, unakili jina la kwanza, jinsia na mwaka, basi. Majina ya wazazi yaache humo humo.

Takwimu za vyeti zina mtego. Mbeya ndio mkoa ulioanza mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, mwaka 2013. Walisajiliwa pamoja waliozaliwa tangu 2008, kwa hiyo ukipanga kwa mwaka wa usajili kila jina litaonekana limepanda.

Ilomba_Redioni:
Asanteni sana. Parokia moja inatosha? Na nilinganishe na miaka mingapi?

Takwimu_Kihesa:
Haitoshi. Wakibatizwa 200 kwa mwaka, jina kutoka 1 hadi 3 ni bahati nasibu tu. Unganisha parokia na sharika kadhaa ufike walau 2,000 kwa mwaka. Kisha gawa idadi ya wenye jina kwa watoto wote, zidisha kwa 10,000. Mfano wa kubuni: 12 kati ya 3,000 ni 40 kwa kila 10,000. Chukua miaka mitano kabla ya tukio, uone lilikuwa linapanda au linashuka. Wastani peke yake hulificha hilo.

Tukio likiwa katikati ya mwaka, gawa kwa miezi. Kimbunga cha Agosti kimewakuta watoto wa miezi saba ya mwanzo wana majina yao tayari, ukiwachanganya athari inafifia. Unganisha pia tahajia: Aaliyah na Aliyah zihesabiwe pamoja. Ukitumia mafaili ya majina ya watoto ya Marekani, kumbuka jina lililopewa watoto chini ya 5 kwa mwaka haliandikwi. Kutoonekana si sifuri.

Rungwe_Mvua:
Kuhusu Hidaya, ndugu yangu, madaftari ya kanisa hayatakupa kitu, ni jina la Waislamu zaidi. Shuleni nako mapema mno: waliozaliwa 2024 wataingia darasa la awali karibu 2029. Kwa sasa iliyobaki ni rejista ya kliniki, nayo haifunguliwi bila idhini ya mganga mfawidhi. Mpelekee barua, useme wazi kwamba unataka majina ya kwanza tu.