Mrejesho: gari la kutoka eapoti Mombasa mpaka Diani, na mama mwenye magoti mabovu

Wadau habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa nitamfikishaje mama Diani kutoka eapoti ya Mombasa bila kukaa kwenye foleni ya feri ya Likoni na lile jua. Yule aliyesema nikodi gari binafsi na dereva wake halafu nimwambie mapema tupitie Dongo Kundu, ile barabara isiyopita kwenye feri, Mungu akubariki sana ndugu yangu, hatukuiona feri kabisa, tukatokea Kibundani mara Ukunda hii hapa, mji wa jirani na Diani, mwendo wa kama saa moja tu. Pale daraja la Mteza dereva akapunguza mwendo, mama akashusha kioo anaangalia mikoko kule chini anasema subhanallah, subhanallah.

Bei tulikubaliana kwa meseji kama mlivyoshauri, elfu sita, ila ya kusubiri sikuiuliza na ndege ikachelewa karibu masaa mawili, nikaongeza elfu moja. Nililipa kwa moyo maana kweli alisubiri.

Kilichofeli ni gari lenyewe. Niliomba dogo la chini wakaleta van ya ngazi ndefu, dereva akaazima kreti ya soda mama akanyagie, usiku goti likavimba. Kwa hiyo wakati wa kurudi nilidai picha ya gari na namba yake kabla sijatuma hela, likaja lile lile la kwenye picha, mama akaingia mwenyewe bila kushikwa.

Asanteni sana jamani.