Kikundi cha mwani: vipi tuelezane tunachokithamini bila kuishia "uaminifu na heshima"?

BintiJambiani
Asalaam alaykum. Kikundi chetu ni wanawake 12, wenyeji na waliotoka Pemba. Tunauza pamoja ila hatujuani undani. Tukiulizana kila mmoja anathamini nini, wote tunajibu "uaminifu, heshima, umoja", basi kimya. Tufanyeje? Na tusichokonoane mambo ya ndani.

Mwalimu_Wete
Waalaykum salaam dada. Kasoro iko kwenye swali. Maneno hayo hayamgharimu mtu kitu, ndiyo maana yanatoka haraka. Ulizeni jambo linalogonganisha mema mawili. Mfano: wifi yako kaleta polo la mwani, juu mkavu, katikati mbichi, na mnunuzi keshafika na mizani. Utasema hapo hapo, utamvuta pembeni, au utanyamaza? Anayesema hapo hapo katanguliza haki ya wenzake. Anayemvuta pembeni katanguliza stara. Wote wawili ni "waaminifu", lakini bila kulijua hilo watagombana siku ya mauzo.

Kisha kila mtu achague maadili kumi anayoyathamini, apunguze zibaki tano, halafu mbili. Msiruke hatua hii hata mkichoka, maana kwenye kuacha ndipo mtu anapojijua. Milton Rokeach, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye kazi yake ya 1973 alitumia orodha mbili za maadili 18, na mtu huyapanga kwa daraja. Ukiulizwa moja moja, yote utayaita muhimu.

MamaWaMicheweni
Nakubaliana na Mwalimu, ila msilifanye mbele ya watu 12. Kaeni wawili wawili, kama dakika arubaini, siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, ambapo hakuna anayekimbilia shamba la mwani. Mkwe na mke wa mwana msiwapange pamoja, mdogo ataitikia tu. Anzeni na mepesi, mazito baadaye, na kila swali wajibu wote wawili. Arthur Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake mwaka 1997 waliyapanga maswali 36 mafungu matatu kwa mtindo huo, kila fungu likizidi kina. Mmoja akihojiwa tu na mwenzake asiseme lake, ukaribu hauji, hubaki kama anahojiwa na sheha, kiongozi wa mtaa.

Kuhusu kuchokonoana: mtu aseme lake, asimtaje mume wala jirani, na akisema "hili nipite" asiulizwe sababu.

BintiJambiani
Ahsanteni sana. Na wasiosoma?

Mwalimu_Wete
Karatasi wekeni kando. Mtajieni maadili mawili kwa mdomo: "undugu na haki, kipi unatanguliza?" Analolichagua lishindanishwe na jengine, mpaka yabaki mawili. Mwisho kila mmoja atoe sentensi moja ya kitendo, katibu aiandike daftarini: "Nikiona mzigo wako una kasoro, nitakwambia wewe kabla ya mwengine." Ikiandikwa "tutakuwa waaminifu", mwambieni arudie.