Bunyonyi, Mutanda au maziwa ya kreta: ziwa lipi linafaa kwa picha za kila asubuhi?

Mpita Njia
Wadau, kazi inanihamishia magharibi mwa Uganda. Nimeachiwa nichague Kabale, Kisoro au Fort Portal. Kila asubuhi natembea kidogo, napiga picha mbili tatu kwa simu na kuwarushia jamaa zangu Arua. Wapi hapatanichosha?

Kijana wa Kisoro
Njoo kwetu Kisoro, Ziwa Mutanda, usiulize mara mbili. Simama upande wa kaskazini wa ziwa utazame kusini uone volkeno tatu: Muhabura kushoto, mita 4,127, Mgahinga katikati, Sabinyo kulia. Upepo ukiwa bado haujaamka, zote tatu unazipata tena majini.

Binti Rutinda
Ndugu yangu wa Kisoro, mbona husemi Muhabura akijifunika anajifunika kweli? Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mgeni anaweza kukaa siku nyingi asimwone. Picha ya kila siku inataka mahali ambapo hata siku mbaya ina kitu.

Njoo Bunyonyi, ziwa letu la Kabale, karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Saa moja asubuhi ukungu umelala juu ya maji, visiwa vinatokeza vichwa tu. Ukianza kuchanika, geuka kidogo na picha ni nyingine: mtumbwi wa gogo unakatiza na magunia ya viazi, mama anapanda matuta jembe begani. Mlima huohuo leo udongo mtupu, baada ya miezi mtama umewiva na rangi imegeuka. Ziwa lenyewe ni bonde lililozibwa na lava, ndiyo maana kingo ni mwinuko mtupu. Magoti yako yatakwambia.

Mzee wa Tooro
Na sisi je? Nyinambuga, ziwa letu la kreta, yaani shimo la volkeno, limo kwenye noti ya elfu ishirini! Ila niseme ukweli: ukipanga Fort Portal mjini, kreta nzuri ziko mbali, kila asubuhi ni boda. Nakuachia za Jumamosi.

Dereva Kanaba
Hata Kabale mjini na ziwa si mlango na mlango, kuna mlima katikati. Kapange Rutinda, kando ya ziwa, mjini uende kazini tu. Siku ukienda Kisoro, simama njiani pale Kanaba: volkeno zinakufungukia ghafla.

Mpita Njia
Asanteni wakuu. Rutinda basi. Lakini ukungu kwenye simu yangu hutoka wa kijivu, na nikituma WhatsApp picha inafifia.

Binti Rutinda
Gusa skrini pale penye ukungu, upandishe mwanga kidogo, urudi kuwa mweupe. Ukituma, itume kama faili, si kama picha. Na wale kina mama wa mitumbwi uwaombe kwanza, ssebo. Wengi watakubali, wengine watakudai hela ya sabuni.

Kijana wa Kisoro
Mimi nangoja Juni. Anga ikifunguka nitaweka Muhabura hapa, tuone nani atasema nini.