Tupeane uzoefu: drosera kutoa maua kwenye joto la Mombasa

Wa Tudor: Salaam jamaa. Drosera, ile mimea inayonasa wadudu kwa matone ya gundi, majani yake hayana shida hapa kwetu. Mtihani ni maua. Naanza, nanyi muongeze.

Kwangu siri ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi na chokaa, na drosera kwao ni udongo wa majimaji usio na rutuba. Nanyeshea maji ya mvua. Masika yakipita nakinga yanayodondoka kwenye eisii (kiyoyozi). Sahani ya chini haikauki. Ninayo Drosera capensis ya Afrika Kusini. Bua huchomoza limejikunja, likinyooka matumba hufunguka kwa zamu, na kila ua hufunga siku hiyohiyo. Usisikitike: limeshajichavusha lenyewe, mbegu zinakuja.

Mama wa Likoni: Mwanangu, maji sawa, lakini jua! Zangu za barazani kivulini ni majani marefu ya kijani tu. Za uani, zinazopata jua la asubuhi mpaka saa tano, ndizo nyekundu na ndizo zenye maua. Wakati wa kaskazi mchana nazitandia wavu, na vyungu ni vyeupe, maana cheusi huchemsha mizizi.

Kijana wa Kisauni: Chagueni aina kwanza. Drosera rotundifolia ya Ulaya hutaka baridi ilale, na baridi hiyo Mombasa haipo. Mimi ninayo Drosera burmannii, ya nchi za joto za Asia na Australia. Hutoa maua, hukomaza mbegu, kisha hufa. Si ugonjwa, ndio umri wake. Kusanya mbegu mapema.

Wa Nyali: Na chakula? Mwaka 1878 Francis Darwin, mtoto wa mwanasayansi Charles Darwin, alieleza jinsi alivyolisha baadhi ya drosera vipande vidogo vya nyama na nyingine akazinyima. Zilizolishwa zilizaa mbegu nyingi zaidi. Zangu naziacha nje zijinasie vijidudu. Mbolea kwenye udongo, tafadhali, msithubutu!

Wa Tudor: Shikamoo Mama wa Likoni. Mchanga wa kupandia unatoa wapi?

Mama wa Likoni: Marahaba. Wa ufuoni hapana, una chumvi na chokaa ya matumbawe. Nachukua wa mtoni, nausuuza mpaka maji yatoke safi, nachanganya na piti (mabaki ya mimea ya vinamasi) nusu kwa nusu.

Kijana wa Kisauni: Nina mbegu za burmannii. Mwenye capensis tubadilishane?

Wa Tudor: Ninazo, mabua mawili yamekauka. Karibu.