Mjadala: Watoto wetu wapate jarida lao la michezo, au magazeti ya wakubwa yanawatosha?

Mwalimu wa Darasa la Tano: Ndugu zangu, ninafundisha Kiswahili. Mwanafunzi wangu anayekwama kuliko wote akisoma kitabu cha kiada hulisoma gazeti la michezo bila kusita, kwa kuwa anataka kujua Simba imemsajili nani. Juzi alinifungulia ukurasa wa gazeti hilohilo akaniuliza maana ya mkeka kuchanika, yaani tiketi ya kubeti kushindwa. Sheria inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, nasi tunamwachia mtoto wa miaka 11 matangazo yake mezani. Waingereza wana jarida la Match tangu mwaka 1979, na Wamarekani walianzisha Sports Illustrated for Kids mwaka 1989. Kwa nini sisi tusiwe na letu, la Kiswahili, lisilo na kamari ndani yake?

Mzee wa Gerezani: Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtoto asiyejua kusoma hufundishwa kusoma, habembelezwi kwa mpira. Isitoshe, utakuwa unawachapishia wavulana peke yao, maana wasichana hawana habari na mambo hayo.

Mama wa Binti Mmoja: Shikamoo, mzee wangu. Binti yangu ana miaka 10, na jioni ananisomea matokeo ya Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, kabla sijavua kanga ya kazini. Aisha Masaka alicheza Sweden katika klabu ya Häcken, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga anafunga mabao Al Nassr ya Saudi Arabia. Wasichana hao hawakushuka kutoka mbinguni. Kama binti yangu hana habari na mpira, ni nani basi ananimalizia vocha kila timu ya taifa inapocheza? Naomba kauli hiyo uifute.

Mpenda Riadha: Mama ana haki ya kuumia, na mimi ninaongeza kwamba mnajadili mpira tu, kana kwamba michezo mingine haipo. Mtoto gani wa darasa la tano anamjua mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu?

Mzee wa Gerezani: Marahaba, mwanangu. Sikumtukana mtoto wa mtu. Nimesema ninayoyaona mtaani kwangu, ambako uwanjani ninawaona wavulana tu. Na wewe wa riadha, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia kwenye Olimpiki bila kununuliwa jarida lolote akiwa mtoto.

Mpenda Riadha: Haikuwa Olimpiki, mzee wangu. Ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, naye aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Olimpiki ni Moscow mwaka 1980, alikopata medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Ikiwa mtu mzima aliyeishi wakati huo anayachanganya, mtoto atayajua wapi? Simbu mwenyewe amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, akimshinda Mjerumani kwenye utepe huku wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Habari hiyo, ikiandikwa kwa lugha ya mtoto na kuwekewa picha ya ule utepe, ingetosha jarida zima.

Mhariri Mstaafu: Swali ambalo hamjaligusa ni nani atalipa. Supa Strikas, jarida la hadithi za mpira la Afrika Kusini lililoanza mwaka 2000, lilikuwa la picha na liliwafikia watoto bure kwa sababu nembo za wafadhili ziliwekwa ndani ya michoro yenyewe. Kwetu, mwenye fedha ya michezo amekuwa kampuni ya kubeti. Simba na Yanga zote mbili zimevaa majina ya kampuni hizo kifuani. Hata ukikataa tangazo, ukichapa picha ya mchezaji umechapa tangazo. Uingereza jezi za watoto huuzwa bila majina hayo, na Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuyaondoa kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Tuanzie hapo, jarida lifuate.

Mama wa Binti Mmoja: Mzee bado hajaifuta kauli.

Mzee wa Gerezani: Basi nasema hivi: wapo wasichana wenye habari. Bado nashikilia kwamba kitabu cha kiada kitangulie.

Mwalimu wa Darasa la Tano: Picha za jezi sikuwa nimezifikiria, mhariri, na zimenikosesha raha. Wakati tunamtafuta wa kulipa, Jumatatu ninaanzisha gazeti la ukutani darasani, na wachezaji watachorwa kwa mkono, wakiwa na jezi zisizo na majina ya kampuni kifuani. Mama, binti yako anaweza kutuandikia habari za Twiga Stars?

Mama wa Binti Mmoja: Ameshaanza kuandika. Anauliza kama ataruhusiwa kurasa mbili.