Ujerumani au Japani: tunalinganisha kama watalii au kama wabeba boksi?

Wakuu habari za muda. Kuna ubishi umezuka kwenye grupu letu la WhatsApp, jamaa mmoja katoka matembezi Japani akashusha bonge la maelezo kwamba Ulaya imekwisha, Ujerumani treni hazifiki, Jumapili hupati hata chumvi, bangi wameihalalisha, wakati Japani barabara zinang'aa, ukidondosha pochi unaikuta polisi na hela zake zote, kwa hiyo mwenye akili zake aelekee Tokyo. Watu wakampigia makofi mpaka admini. Mimi nimeishi kote kuwili, Japani nilisoma kwa ufadhili na Ujerumani ndo nipo napiga mzigo, nikaona hapana, hili nilimwage hapa tulijadili vizuri maana kule ukiandika aya mbili unaambiwa umeleta gazeti.

Msimamo wangu naweka mapema ili mnishambulie vizuri. Japani ni tamu kwa anayehudumiwa, Ujerumani ni tamu kwa anayehudumia. Sasa wewe unayetaka kuondoka Bongo au Nairobi na begi lako moja jiulize unaenda kusimama upande gani wa kaunta.

Nianze na treni maana ndo silaha yao kubwa. Ni kweli, kwa treni Mjerumani hana pa kujificha. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika lao la reli, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na hapo ujue kwa hesabu zao treni ikichelewa chini ya dakika sita bado inaandikwa imewahi. Huku tumeshazoea, ukiwa na kikao saa nne unapanda treni ya kufika saa mbili, ukiwahi unakunywa kahawa stesheni. Mjapani yeye Shinkansen, treni yao ya mwendokasi, inakimbia tangu Oktoba 1964 na hajafa abiria hata mmoja kwa treni hizo kugongana au kuacha reli, na mwaka 2017 kampuni moja ya treni maeneo ya Tokyo iliomba radhi hadharani kisa treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya muda. Sekunde 20 bana, kwetu hata konda hajamaliza kuita abiria.

Lakini hiyo nidhamu ina bili na anayeilipa ni mfanyakazi. Aprili 2005 pale Amagasaki, jirani na Osaka, treni ya kawaida (sio Shinkansen) iliyokuwa nyuma ya ratiba kama dakika moja na nusu tu iliingia kwenye kona kwa kasi kubwa, ikaacha reli ikajibamiza kwenye jengo la makazi, wakafa watu 107 pamoja na dereva mwenyewe, kijana wa miaka 23. Muda mfupi kabla alikuwa amepitiliza stesheni, na kampuni ilikuwa na utaratibu wa kuwaweka madereva waliokosea kwenye "mafunzo" ambayo wafanyakazi wenyewe waliyaona ni adhabu ya kudhalilishana. Mtalii hayo hayaoni, yeye anaona treni imefika.

Kazi sasa, hapa ndo penyewe. Ujerumani sheria inakupa likizo isiyopungua siku 20 kwa mwaka kama unafanya kazi siku tano kwa wiki, na makampuni mengi yanatoa karibu 30, na watu wanazichukua zote bila aibu, Agosti ukipiga simu ofisi za watu unaongea na mashine. Japani sheria inaanza na siku 10 ukishamaliza nusu mwaka, inapanda pole pole mpaka 20, shida watu walikuwa hawazichukui kwa kuogopa kuonekana wanawatupia wenzao mzigo, ikabidi mwaka 2019 serikali iwalazimishe waajiri wahakikishe kila mtu anachukua angalau siku 5. Yaani sheria ya kumlazimisha mtu mzima apumzike! Mageuzi hayohayo yaliweka kikomo cha ovataimu saa 45 kwa mwezi, ila kazi zikizidi unaruhusiwa kupanda mpaka karibu na 100. Msukumo mkubwa ulitokana na binti wa miaka 24 wa kampuni kubwa ya matangazo aliyejiua Desemba 2015 baada ya kulemewa na ovataimu, kesi ikaenda, kampuni ikapigwa faini ya yen 500,000, ambayo kwa kampuni ya ukubwa ule ni hela ya chai.

Na kuugua je. Ujerumani ukiumwa mwajiri anaendelea kukulipa mshahara wote hadi wiki sita, zikipita bima inachukua kijiti. Ukiwa mgeni unaona kama wanakutania, siku ya kwanza unaomba ruhusa kwa unyenyekevu unamkuta bosi anakufukuza urudi kulala usije ukawaambukiza wengine. Japani sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa siku za ugonjwa, bima ya kazini inakupa kama theluthi mbili ya mshahara kuanzia siku ya nne, kwa hiyo watu wengi mafua ya siku mbili wanayakata kwenye likizo yao au wanakuja kazini na barakoa wakikohoa kistaarabu.

Haki yake nimpe Mjapani kwenye hospitali. Bima kwa wote wanayo tangu 1961, unalipa asilimia 30 ya gharama na bili ikivuka kiwango fulani kwa mwezi unafidiwa, na unaweza kuingia kwa daktari bingwa siku hiyohiyo bila kubembeleza. Ujerumani mfukoni hutoi karibu chochote ila kumpata bingwa wa ngozi unaweza kusubiri miezi mpaka upele upone wenyewe. Na Wajapani wanaishi wastani wa miaka 84 hivi, Wajerumani kama 81, sitaki kubishana na namba.

Hela. Watu wanasema Japani maisha rahisi, na kweli, bakuli la wali na nyama ya ng'ombe unakula kwa yen 500 hivi unashiba, huku donakebabu tu (mkate uliojazwa nyama) siku hizi ni euro saba na zaidi, nikikumbuka bei za zamani nasikia uchungu. Ila ule urahisi anaufaidi aliyekuja na dola. Wewe unayelipwa yen halafu mama anasubiri hela ya dawa na mdogo wako ada, hesabu ni nyingine kabisa: mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yen 80, mwaka 2024 ikafika 160. Yen zilezile 100,000 ambazo zilikuwa zinafika nyumbani kama dola 1,250 zikawa zinafika kama 620, na mishahara ya Japani ilikaa miaka na miaka haijasogea. Kwenye hili jamaa yangu wa grupu hata hakugusa, na mimi naona ndo swali la kwanza kwa mtu yeyote wa kwetu.

Ujerumani nako msidanganyike na mshahara wa kwenye mkataba, makato yake yanatia machozi, kapera asiye na mtoto anaachwa na kama euro 60 na kitu katika kila 100. Na hii niwape bure Walutheri na Wakatoliki wenzangu: ukienda kujiandikisha manispaa kuna fomu inakuuliza dini, ukijaza kwa mbwembwe kwamba wewe ni KKKT toka ubatizo unaanza kukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kutegemea na jimbo. Wamisionari wao walikuja kutubatiza bure, tumekuja kwao tunatumiwa bili.

Tukija kwenye utamaduni, hapa wengi wanachanganya adabu na upendo. Mjapani atakuinamia, atakufungia zawadi kama ya harusi, ukipotea njia atakusindikiza mpaka mlangoni, lakini mwaka unaisha hujaona sebule yake. Mjerumani hakuchekei, dada wa dukani anakutupia bidhaa zako kama mnadaiana, akiona umeweka chupa kwenye pipa la karatasi anakwambia hapohapo mbele za watu. Mwanzoni nilimchukia sana huyu wa pili. Baadaye nikagundua kazini inanisaidia, akisema ripoti yako mbovu ni mbovu, akisema nzuri ni nzuri, nalala. Kule Japani nilikuwa naambiwa "tutalifikiria" natoka nimefurahi, kumbe nimeshakataliwa zamani na kila mtu mezani anajua isipokuwa mimi.

Jumapili ya Ujerumani inayolalamikiwa ni hadithi hiyohiyo ya kaunta. Mapumziko ya Jumapili yamo kwenye katiba yao, kifungu cha mwaka 1919 walichokibeba kuingia katiba ya 1949, maduka yanafungwa ukiacha sheli, mabekari na ya stesheni. Ni kero, nakubali, huruhusiwi hata kutoboa ukuta na drili wala kutupa chupa kwenye mapipa ya vioo, jirani atakuletea barua. Ila yule dada wa kaunta yuko kwake na watoto wake. Japani vile viduka vya masaa 24 viko zaidi ya 50,000, unapata wali wa moto saa tisa usiku, raha mustarehe, na anayekuhudumia saa tisa usiku mijini siku hizi mara nyingi ni mwanafunzi wa Nepali au Vietnam ambaye asubuhi ana darasa. Nyie mnadhani mkienda mtakuwa nani kwenye hiyo picha?

Hata njia ya kuingilia ina tofauti. Japani kwa miaka mingi tangu 1993 ilikuwa na mpango wa "mafunzo ya ufundi" kwa vijana wa nje ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa kibarua tu, tena kuhama mwajiri ilikuwa ngumu mno hata akikunyanyasa, mpaka Juni 2024 ndo bunge likapitisha sheria ya kuufuta na kuweka mfumo mwingine kuanzia 2027. Ujerumani kuna Ausbildung, unasoma uuguzi au umeme huku unalipwa, na Septemba 2024 Kenya ilisaini nao makubaliano ya wafanyakazi. Sio mteremko, Kijerumani cha B1 au B2, yaani ngazi ya kati, kitakutoa jasho, ila mkataba wako unakuwa na meno na chama cha wafanyakazi kinakusikia.

Uraia nao: Ujerumani tangu Juni 2024 unaomba baada ya miaka mitano bila kuachia wa kwenu, Japani lazima uachie. Mkenya hapo anacheka maana katiba yao ya 2010 inamruhusu kushika pasi mbili, sisi Watanzania hata Mjerumani akikubali sheria ya nyumbani inakukatalia, kwa hiyo kwenye hoja hii tukae kimya.

Kuna atakayesema Wajerumani wabaguzi, AfD, chama chao kinachopinga wahamiaji, walipata asilimia 20.8 ya kura Februari 2025. Ni kweli na inatisha, kuna miji ya mashariki usiku sitembei peke yangu. Lakini Julai mwaka huohuo Japani chama cha Sanseito chenye kauli ya "Wajapani kwanza" kilibeba viti 14 baraza la juu, na hiyo ni nchi ambayo wageni ni kama asilimia 3 tu. Usalama wa mtaani Japani unashinda, hilo silipingi, mtoto wa darasa la kwanza anapanda treni peke yake na mzazi hana presha. Sema kwangu kutoibiwa pochi hakutoshi, nataka na mwajiri asiniibie jioni yangu.

Chakula nimeacha makusudi, nikianza kuzungumzia samaki wa Japani nitahama upande. Unga wa sembe huku unapatikana duka la Kiafrika karibu kila mji mkubwa, Tokyo itabidi uzunguke, anzia maduka ya halali ya mtaa wa Shin-Okubo.

Haya uwanja wenu. Waliofanya kazi Japani, sio waliosoma wala waliotembea, nataka niwasikie kwanza, hasa mlioko viwandani Aichi, mnatoka saa ngapi na mnabaki na kiasi gani baada ya kodi ya nyumba? Wauguzi mlioko Ujerumani mwaga na nyie ya wodini maana najua zamu za usiku sio mchezo. Mnaonipinga karibuni sana, ila mje na mshahara na saa za kazi, picha za maua ya sakura tumeshaziona.