Roth mwezi wa saba: tulale wapi na watoto na mama mkwe?

Kutoka: Mama Pacha, Hannover

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mume wangu amepata nafasi ya kushindana Challenge Roth kule Bavaria, mwanzoni mwa Julai. Wanaofuatilia triathloni wanajua nafasi zile zikifunguliwa mtandaoni huisha kabla dakika moja haijapita, kwa hiyo hapa nyumbani ni shangwe. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli karibu 180, halafu marathoni nzima, yote siku moja. Yeye ana mazoezi yake. Malazi yameniangukia mimi.

Tutakuwa watano: sisi wawili, pacha wetu wa miaka minne, na mama mkwe atakayekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama amepita miaka sabini, goti moja linamsumbua. Nimeona Ferienwohnung (nyumba ya likizo ya kupanga) kijijini karibu na Hilpoltstein, ina bustani na bei si mbaya. Mume wangu ameipenda kwa sababu asubuhi ya mashindano atatembea kwa miguu hadi majini. Nimeona pia hoteli Nürnberg mjini, vyumba viwili, bei imesimama. Kuna aliyewahi kwenda huko na familia? Nisaidieni kabla sijalipa.

Mama Pacha

Kutoka: Kaka wa Fürth

Dada, hongera kwa familia nzima. Mimi naishi Fürth, Roth ni jirani, na kila mwaka nikipata nafasi huenda kushangilia.

Kabla ya bei na bustani, jiulize siku ile nani atakuwa anaishi ndani ya hiyo nyumba. Mumeo ataamka saa tisa usiku. Mabingwa huingia majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, makundi mengine yanafuata, na mshindani ana muda usiozidi saa 15 tangu aanze hadi amalize. Magnus Ditlev alimaliza njia hii kwa saa 7:23:24 mwaka 2024, lakini watu wa kawaida wenye kazi na watoto wanarudi usiku. Jumapili nzima nyumba ni yako wewe, pacha na mama. Ichagueni kwa mahitaji yenu ninyi. Yeye anahitaji kitanda kizuri na saa chache za utulivu, basi.

Sasa ramani, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mashindano haya hayaanzii yanapoishia. Kuogelea ni kwenye mfereji wa Main na Donau, upande wa Hilpoltstein. Baiskeli inazunguka mara mbili kupitia vijiji na miji midogo, Eckersmühlen, Heideck, Thalmässing, Greding, kisha inarudi Hilpoltstein na kupanda kilima cha Solarer Berg. Baada ya hapo baiskeli inaachwa Roth mjini, na mbio za miguu zinaanzia na kuishia Roth. Kwa hiyo nyumba iliyo karibu na maji iko mbali na mwisho. Tena barabara za mzunguko zinafungwa kwa saa nyingi. Ukiwa kijijini katikati ya mzunguko na mtoto akapandwa na homa saa nne asubuhi, gari halitoki uani kirahisi. Hiyo Ferienwohnung yenye bustani, itafute kwenye ramani ya njia ya baiskeli kabla hujatuma hata senti.

Kinachokuokoa siku hiyo ni reli. Kuna S-Bahn S2, treni ya mji na vitongoji, inayotoka Nürnberg, inapita Schwabach, inaishia Roth. Kutoka Roth kuna kitreni kinachokwenda Hilpoltstein, wenyeji wanakiita Gredl. Mtu aliyelala hatua chache kutoka kituo cha S2 anakwenda kumwona wake, watoto wakichoka anarudi kuwalaza, jioni anatoka tena. Ndiyo maana ningekuambia utafute Schwabach. Ni mji wa kweli wenye maduka, madaktari na viwanja vya watoto, haumo kwenye njia ya baiskeli, na Roth ni dakika chache kwa treni. Nürnberg nayo inafaa, ila utalipa zaidi na safari ni ndefu kidogo.

Tahadhari moja kuhusu Allersberg. Kwenye ramani inaonekana imekaa pazuri, iko karibu na ziwa la Rothsee na ina kituo cha treni. Lakini treni ile ni ya Nürnberg, haiendi Roth. Utajikuta unazunguka hadi Nürnberg na kushuka tena. Ziwa lenyewe ni zuri kwa watoto, nendeni Jumatatu.

Tiketi: kama mna Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inatosha kwenye S2 na Gredl. Kama hamna, ulizia TagesTicket Plus, tiketi ya siku ya VGN (usafiri wa eneo la Nürnberg), inabeba watu wazima wawili pamoja na watoto, na ukiinunua Jumamosi inaendelea kufanya kazi Jumapili. Pacha hawajafika miaka sita, hawalipi.

Kaka wa Fürth

Kutoka: Mama Wanjiru, Frankfurt

Wapendwa, nimesoma kwa furaha. Sisi yetu ilikuwa Ironman ya hapa Frankfurt, triathloni ndefu kama hiyo, na hali ni ileile: wanaogelea ziwa la Langen nje ya mji, wanamalizia Römerberg katikati ya mji. Nakubaliana na Kaka kuhusu treni. Mimi nataka kusema juu ya jikoni.

Chukua nyumba yenye jiko, Mama Pacha, usichukue hoteli. Hotelini kifungua kinywa kinaanza wakati mumeo ameshaondoka zamani. Na siku mbili za mwisho kabla ya mashindano mwanamichezo hali kila kitu. Wengi hupunguza maharagwe, mboga za majani na vyakula vyenye nyuzinyuzi ili tumbo liwe jepesi, na wanaongeza wanga. Wali mweupe, ugali, viazi, mkate mweupe. Wangu huwa anataka ugali mdogo na samaki asiye na mafuta mengi, kila jioni, bila kubadilisha. Hicho huwezi kukiagiza mkahawani Bavaria. Beba unga wako, beba na mwiko. Nyumba za kupanga zina sufuria za kupikia tambi, sufuria nzito ya kusongea ugali mara nyingi haimo, kwa hiyo muulize mwenye nyumba au beba yako garini.

Jambo la pili, tafadhali lishikeni wote: mashindano ni Jumapili. Maduka Ujerumani kwa kawaida hayafungui Jumapili, na Bavaria hata Jumamosi yanafunga saa mbili usiku. Jumamosi ile mumeo atakuwa anapeleka baiskeli, namba zinabandikwa, watoto wanalia, na wewe hujanunua maziwa. Nunua Ijumaa. Nunua chakula cha siku tatu pamoja na maji, matunda, na kitu cha kumpikia akirudi usiku. Akirudi hatasema anataka nini, lakini supu ya moto ataimaliza.

Halafu vyumba. Kwenye tovuti wataandika “watu watano” na ukifika unakuta chumba kimoja na sofa la kukunjua sebuleni. Mshindani alale kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, peke yake ikibidi. Wewe ulale na pacha. Hii si kumnyima mtu heshima ya ndoa, ni usiku mbili tu. Usiku wa Ijumaa ndio wa kulala hasa, maana wa Jumamosi wengi hawapati usingizi.

Bei nayo isomeni hadi chini. Kuna ada ya usafi wa mwisho, kuna mashuka na taulo ambavyo wengine wanavitoza kando, na miji mingine ina kodi ya wageni. Nyumba iliyoonekana rahisi ikijumlishwa inafika kwenye hoteli. Na uchague ile unayoweza kughairi bila kulipa, hata ikizidi bei kidogo. Goti la mshindani linaweza kugoma wiki tatu kabla.

Mama Wanjiru

Kutoka: Bi Mkubwa, Stuttgart

Wanangu, marahaba nyote. Nimeona mmezungumzia mshindani na watoto, sasa nimsemee mama mkwe.

Mtu mwenye goti bovu usimpandishe ghorofa tatu kwa ngazi. Nyumba nyingi za likizo hapa ni za juu, chini ya paa, na hazina lifti. Chini ya paa mwezi wa saba ni joto kali, kwa sababu nyumba za Ujerumani kwa kawaida hazina kiyoyozi. Hata mshindani hawezi kulala humo. Tafuteni ghorofa ya chini, na muulizeni mwenye nyumba ni ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni. Maana “ghorofa ya chini” wakati mwingine inakuja na vidaraja sita mbele ya mlango. Angalieni na bafu. Kuingia kwenye beseni refu la kuogea si kazi ya goti lile. Tafuteni bafu la kusimama, na kizingiti kiwe kifupi.

Kuhusu swala, Julai alfajiri inaingia mapema sana Bavaria. Mama atakuwa macho wakati mwanawe anajiandaa, na sioni baraka kubwa kuliko hiyo, mtoto anatoka nyumbani akiwa ameombewa dua na mama yake. Mpeni chumba ambacho akitoka kutawadha hawaamshi wajukuu. Kibla kutoka huku ni upande wa kusini mashariki. Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo kama mtakuwa uwanjani Roth wakati huo, bebeni mkeka mdogo.

Na bebeni pasipoti yake. Tangu Januari 2025 raia wa Ujerumani hawajazi tena fomu ya wageni wanapolala hotelini au nyumba ya likizo, lakini sisi wenye pasipoti za kigeni bado tunajaza. Msiiache Hannover kwenye kabati mkidhani ni safari ya ndani tu.

Mwisho, msimpeleke mama kwenye kila kituo. Asimame mahali pamoja penye kivuli na kiti, na choo kiwe karibu. Kiti cha kukunja kinunuliwe mapema, ni bei ndogo.

Bi Mkubwa

Kutoka: Mama Pacha, Hannover

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Nilikaa na mume wangu tukafungua ramani ya njia ya baiskeli. Ile Ferienwohnung yenye bustani iko barabarani kabisa, wanapita hapo mara mbili. Tumeiacha.

Nimepata nyumba Schwabach, ghorofa ya chini, vyumba viwili vya kulala vyenye milango, jiko, bafu la kusimama. Kituo cha treni ni mwendo wa miguu hata kwa mama, polepole. Mwenye nyumba amekubali baiskeli ikae ndani, nililiuliza hilo mapema maana baiskeli ile haiwezi kulala kwenye banda la nje. Ninaweza kughairi hadi mwezi wa sita.

Limebaki neno la mume wangu, na ana haki: atafikaje majini alfajiri? Na Kaka, wewe unayekwenda kila mwaka, mimi na watoto tusimame wapi?

Mama Pacha

Kutoka: Kaka wa Fürth

Dada, umechagua vizuri.

Treni za alfajiri ya Jumapili asizitegemee hata kidogo, ni gari. Lakini asiendeshe gari lenu mwenyewe, kwa sababu gari litabaki upande wa Hilpoltstein na yeye atamalizia Roth, miguu imekwisha. Aombe lifti kwa mtu wa klabu yake au mshindani mwingine anayelala Schwabach au Nürnberg mwenye ndugu wa kumwendeshea. Huku kila mwaka watu wanapeana lifti, na kama hakupata hadi wiki ya mwisho nitumie ujumbe nami nitampeleka, kutoka kwangu si mbali. Atoke mlangoni saa tisa na nusu usiku, kabla magari hayajajazana kwenye njia za kuelekea mfereji.

Ninyi laleni. Msiende kwenye kuogelea. Najua puto zinarushwa na muziki unapigwa na ni pazuri sana, lakini pacha wa miaka minne walioamshwa saa tisa usiku watakuwa wamechoka kabla baba yao hajamaliza mzunguko wa kwanza wa baiskeli, na siku bado ndefu. Solarer Berg pia ningewaachia watu wazima. Watu wanajazana pande zote mbili mpaka waendesha baiskeli wanapita kwenye kichochoro, mtoto mdogo haoni chochote isipokuwa mapaja ya watu.

Pandeni treni mchana mje Roth, mbio za miguu ndizo zenu. Mjini mtamwona zaidi ya mara moja, anakwenda polepole kiasi cha kuwaona na ninyi, na mama anapata kivuli na kiti. Programu ya kufuatilia washindani itakuonyesha yuko kilomita ya ngapi, kwa hiyo hamtasimama juani bure. Sehemu ya njia inafuata mfereji, na kingo za mfereji hazina uzio. Huko ukienda na pacha, shika mkono mmoja mmoja, au usiende kabisa kama uko peke yako na mama.

Akimaliza, msikubaliane kukutana “getini”. Watu ni wengi mno na simu ya mshindani iko kwenye mfuko wake uliokabidhiwa. Chagueni Ijumaa, mkiwa wote mpo pale, sehemu moja inayoonekana, na mkubaliane kwamba mama na pacha wanaweza kutangulia Schwabach wakichoka. Tafuta saa ya S2 ya mwisho usiku huo na uiandike.

Na nyumba, omba mpaka Jumanne. Wengi wanataka utoke saa nne asubuhi Jumatatu, na Jumatatu saa nne mumeo atakuwa anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Hakuna atakayeweza kufunga baiskeli, kuosha vyombo, kutenganisha takataka kama wanavyotaka huku, na kuendesha hadi Hannover siku hiyo. Usiku mmoja wa nyongeza ulipie sasa, kabla mwenye nyumba hajampa mwingine.

Kaka wa Fürth